Aru: Dosie ya shule kubwa ya biashara haitengenezwi kwa usiku mmoja

Teritwari ya Aru, kaskazini mwa mkoa wa Ituri, iko kwenye njia panda ya inchi tatu: Congo, Uganda na Sudan Kusini. Kwenye soko la Ariwara, shilingi ya Uganda inapita mkono kwa mkono pamoja na franka ya Congo na dola. Mtoto aliyekulia hapo anajua kubadilisha pesa, kukadiria faida na kutambua mkopaji asiyelipa kabla hajafungua buku lolote la uchumi. Lakini siku anapoomba nafasi katika shule kubwa ya biashara, hayo yote hayaonekani kwenye dosie yake. Anaandika kwamba yeye ni mchapakazi, anapenda inchi yake na anataka kusaidia jamii. Anatuma usiku wa mwisho, akiomba mtandao usikatike. Hapo ndipo nafasi inapopotea.

Jambo hili si dogo. Tangu mwaka 2022 Congo ni memba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mpaka ambao zamani ulikuwa wa wachuuzi wa baiskeli na pikipiki sasa unahusu pia sheria za forodha, mikopo ya benki na mikataba ya kampuni. Kama vijana wa Aru hawapati elimu hiyo, biashara ya mpaka wao itaandikwa na watu wengine, nao watabaki kubeba mizigo.

Shule zenyewe zipo, karibu na mbali. Makerere University Business School ya Kampala, iliyoanzishwa mwaka 1997, ina tawi hata Arua, ng'ambo tu ya mpaka. Nairobi kuna Strathmore Business School. Mbali zaidi ziko HEC Paris na INSEAD huko Ufaransa, na Harvard Business School huko Marekani, iliyofunguliwa mwaka 1908. Kadiri shule inavyokuwa na jina, ndivyo maombi yanavyozidi nafasi. Wanaosoma dosie hawamjui mwombaji, hawaijui Aru, wala hawajui maana ya pointi za Congo. Wanachokijua ni kile tu kilichoandikwa kwenye karatasi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni karatasi zenyewe. Mkongomani ana majina matatu, na mara nyingi yanafuatana kwa namna moja kwenye diploma ya Serikali, kwa namna nyingine kwenye kadi ya uchaguzi, na kwa namna ya tatu kwenye pasipoti. Mgeni akiona hivyo anaweza kufikiri ni watu watatu. Kusahihisha jina kunaomba muda, na muda huo haupatikani juma moja kabla ya tarehe ya mwisho.

Kazi ya pili ni kueleza masomo. Katika mfumo wa zamani, licence ya Congo ilikuja baada ya miaka mitano: mitatu ya graduat na miwili ya juu. Katika mfumo mpya wa LMD, licence ni miaka mitatu. Neno ni lile lile, uzito si ule ule. Aliyesoma miaka mitano na asieleze anaweza kuhesabiwa kama aliyesoma mitatu. Vilevile, pointi 70 kwa mia zilitosha kupata "distinction" katika mfumo wa zamani, lakini kwa msomaji wa inchi nyingine zinaweza kuonekana za kawaida tu. Barua fupi ya chuo inayofafanua mfumo wake, pamoja na tafsiri rasmi pale shule inapoiomba, inaweza kuokoa dosie nzima.

Kazi ya tatu ni mitihani. Mtihani wa GMAT wa sasa una sehemu tatu za dakika 45 kila moja: hesabu, lugha na uchambuzi wa takwimu. Pointi zake zinaanzia 205 hadi 805, na matokeo yanadumu miaka mitano. Matokeo ya mitihani ya Kiingereza ya IELTS na TOEFL yanadumu miaka miwili. Shule kadhaa za Ufaransa zinakubali pia Tage Mage, ambao unafanywa kwa Kifaransa, na hiyo ni faida kwa aliyesoma Congo. Mitihani hii haishindwi kwa kukariri. Inaomba mazoezi ya miezi, saa mbele ya macho. Kijana wa Aru ana bahati ambayo wengi wa Kisangani hawana: Kiingereza kinasemwa ng'ambo tu ya mpaka, na anaweza kukizoeza kila siku ya soko.

Kisha kuna maelezo binafsi, na hapo ndipo wengi wanajinyima. Wanachukua barua kwenye intaneti, wanabadilisha jina na kutuma. Chukua mfano wa binti aliyeshika daftari la likelemba la mama zake sokoni. Kama ataandika kwamba "ana uzoefu wa uongozi", hakuna atakayemkumbuka. Lakini akieleza kundi lilikuwa la watu wangapi, mama mmoja alipochelewa kulipa alifanya nini, kosa gani alilifanya yeye mwenyewe na alibadilisha nini baadaye, msomaji wa Paris au Nairobi ataona mtu anayejua kusimamia pesa na watu. Soko halipaswi kufichwa kwa sababu si ofisi yenye mashine ya baridi. Mradi kila namba iwe ya kweli, kwa maana shule hizi huuliza tena kwenye mahojiano, na uongo mmoja unatosha kuzika dosie.

Kuhusu barua za mapendekezo, ambazo mara nyingi huombwa mbili, kuna desturi ya kukimbilia mheshimiwa. Barua ya mbunge aliyemwona mwombaji mara moja kwenye arusi haina uzito. Barua ya msimamizi wa depo aliyetumika naye miaka mitatu, ikisema kazi gani ilifanyika na wapi bado kuna udhaifu, ina uzito mkubwa. Huyo msimamizi apewe muda wa kutosha na akumbushwe kwa heshima, wala asiletewe barua iliyokwisha kuandikwa ili atie saini tu.

Wako watakaosema kwamba hayo ni maneno ya watu wenye pesa. Hawakosei kabisa. Mitihani inalipwa kwa dola. Ituri iliwekwa chini ya hali ya kuzingirwa Mei 2021, na barabara ya Aru kwenda Bunia inapita Mahagi na Djugu, ambako wasafiri wengi wamepata mateso. Aliyepoteza mali kwa vita hawezi kuambiwa tu ajipange. Lakini kwa sababu hiyo hiyo dosie ya mapema ni silaha ya maskini. Anayeanza mwaka mmoja kabla anapata nafasi ya kuandikia shule na kuomba apunguziwe malipo, anatafuta misaada ya masomo ambayo tarehe zake hufungwa mapema, na anaweza kurudia mtihani. Anayeanza mwezi mmoja kabla analipa kila kitu kwa bei ya haraka, au anaangukia mikononi mwa matapeli wanaouza "nafasi ya hakika". Hakuna shule ya kweli inayouza nafasi kupitia mtu wa katikati. Wazazi waliokwisha kuuza ng'ombe kwa ahadi kama hiyo wanajua uchungu wake.

Mzigo huu hauwezi kubebwa na vijana peke yao. Vyuo vya Ituri vina wajibu wa kutoa karatasi za pointi bila kumzungusha mwanafunzi miezi na miezi. Wafanyabiashara wakubwa wa Ariwara na Aru, ambao kila siku wanalalamika kukosa wahasibu wa kuaminika, wanaweza kuwapa vijana kazi yenye majukumu ya kweli, halafu kuwaandikia barua ya kweli. Parokia na makanisa yenye umeme wa jua na mtandao wanaweza kufungua chumba kimoja jioni kwa wanaojitayarisha.

Shule nyingi kubwa za Marekani hupokea dosie za awamu ya kwanza mwezi Septemba na za awamu ya pili Januari. Zinatafuta hasa mtu aliyekwisha kutumika miaka kadhaa. Aliyemaliza masomo jana ana njia nyingine: master ya menejimenti kwa wasio na uzoefu, au kutumika kwanza na kuandika anachojifunza. Mwenye duka Ariwara haanzi kuhesabu bidhaa zake siku mteja mkubwa anapofika mlangoni. Kijana anayetaka Septemba ijayo afungue daftari lake juma hili, na jambo la kwanza la kuangalia ni kama jina lake limeandikwa sawasawa kwenye kila karatasi.