Mapigo ya moyo na barabara ya Kampala

Hapa Bunia, ndugu ambaye moyo wake unapiga polepole mno huambiwa atafute betri ya moyo Kampala, kwenye Uganda Heart Institute, pale Mulago. Makanisa yetu huchanga, naye husafiri. Tunashukuru. Ila tunachanga mara moja, na ugonjwa ni wa miaka: betri huisha. Yule ambaye moyo unapiga ovyo mara nyingi hupewa warfarini, damu isigande. Bila kupimwa damu kila mara, dawa ikizidi atavuja damu, ikipungua aweza kupooza. Kwa baadhi yalianza utotoni, kwa koo lililouma, na penisilini ya kituo cha afya ingetosha. Mashemasi, kipimo cha mwezi ujao atakilipa nani?