MAONI: MTUNZA STOO ASIKATWE FEDHA

Ndugu wanachama,

Katika mkutano uliopita tulipitisha kwamba mtunza stoo wetu akatwe fedha, kwa sababu pikipiki ya ushirika ilichukuliwa usiku, ikakutwa asubuhi kule mtoni tangi likiwa tupu, na ufunguo anao yeye peke yake. Mimi nilinyamaza. Sasa nasema: tulikosea.

Wengi wetu tunaona kuwa ufunguo ndio unaoipa injini moto. Kwa gari la petroli lenye betri na koili ni kweli. Ukizungusha ufunguo, umeme wa betri, volti 12, unakwenda kwenye koili, nayo inaukuza kuwa maelfu ya volti mpaka cheche iruke kwenye plagi. Pikipiki yetu siyo hivyo. Cheche yake inatoka kwenye magineti, yaani sumaku zinazozunguka pamoja na injini. Si mnakumbuka betri ilipokufa mwaka jana tuliendelea kuipiga kiki na ikawaka?

Basi, kwa injini ya namna hii swichi ya ufunguo kazi yake ni kuzima tu. Ukifunga, swichi inaupeleka umeme wa cheche kwenye bodi, unapotelea huko, plagi haipati kitu. Waya huo ukichomolewa, injini inawaka kwa kiki bila ufunguo wowote, na ukitaka kuizima kwa ufunguo haizimiki. (Ni waya upi siandiki. Ukuta huu unasomwa na kila mtu, na huyo wa usiku pia.)

Nimeikagua. Waya umechomolewa, una alama mpya za koleo. Mwenye ufunguo mfukoni angehangaika na waya kwa nini?

Liko jambo moja ambalo waya hauwezi: kufungua usukani. Usukani ukikatwa upande na kufungwa kwa ufunguo, mwizi hana budi avunje loki, na loki yetu ni nzima. Maana yake usiku ule usukani haukufungwa. Aliyeirudisha jioni ile ni mimi. Mvua ilikuwa inakuja, nikachomoa ufunguo nikampelekea ndugu yetu nyumbani. Yeye alipokea ufunguo, pikipiki hakuiona. Kama ni kukatwa, ianzie kwangu.

Naomba pia tununue mnyororo na kufuli, na daftari la stoo liandikwe saa ya kurudisha na kama usukani umefungwa. Mashine ya kusaga haimo katika maneno haya. Ile ni ya dizeli, haina plagi.

Jumamosi tukimaliza kupima mahindi nitaileta pikipiki hapa nje ya stoo. Ufunguo atakaa nao Mwenyekiti. Njoni mwone kama haitawaka.

Ni mimi,
Fundi wa Ushirika