Hakuna Azaliwaye Akikimbia

Muhula uliopita kulikuwa na siku ya michezo. Orodha ya wakimbiaji wa kilomita tano ilipobandikwa ukutani, jina la mwenzetu mmoja lilikuwa la kwanza, na hali yeye hakujiandikisha. Aliandikishwa na wanafunzi wa darasani mwake, kwa nia njema kabisa, kwa sababu pasipoti yake ni ya Kenya. "Nyinyi mbio ziko damuni," walimwambia. Mwenzetu huyu amezaliwa Jeddah, na zoezi lake kubwa maishani lilikuwa kutembea Kornishi jioni huku akila balila. Alimaliza wa tatu kutoka nyuma.

Tulicheka sana, na yeye alicheka. Lakini usiku, tulipokaa kunywa chai, alisema neno ambalo halijatutoka: "Ningeshinda, wangesema ni damu. Nimeshindwa, wanasema nimewaaibisha Wakenya. Sasa mimi mwenyewe niko wapi hapo?"

Swali hilo lilitufanya tumtafute mtu ambaye wengi wetu tulikuwa hatumjui. Majina ya Kipchoge Keino na Eliud Kipchoge tunayo mdomoni. Jina la Nyandika Maiyoro hatukuwa nalo, ingawa yeye ndiye aliyetangulia kuipita njia hiyo kabla haijawa barabara.

Nyandika alizaliwa Kisii, magharibi mwa Kenya, yapata mwaka 1930. Riadha ya viwanjani ilikuwa imeingia Kenya na ukoloni, kupitia shule, jeshi, polisi na magereza. Mashindano yalipanda ngazi kwa ngazi, wilaya kisha mkoa, na mwaka 1951 kikaundwa chama cha riadha cha koloni nzima. Mwaka 1953 Nyandika alipelekwa Antananarivo, Madagaska. Inasimuliwa kwamba mbio za mita 3,000 zilianza yeye hajafika mstarini, akaanza akiwa nyuma sana, na bado akashinda.

Mwaka 1954 yeye na Lazaro Chepkwony walipitia London wakielekea Vancouver, Kanada, kwenye michezo ya nchi zilizokuwa chini ya Uingereza. Enzi hizo wako wengi Ulaya walioamini kwamba Mwafrika anaweza mbio fupi tu, na kwamba mbio ndefu zinataka subira na hesabu ambazo yeye hana. Katika uwanja wa White City, Chepkwony alikimbia maili 6 miguu mitupu. Alikuwa akichomoka ghafla, anapunguza, kisha anachomoka tena. Baada ya kupita nusu ya mbio msuli ukamkataa, akatoka. Kwa waliotaka kuthibitisha wanayoyaamini, huo ulikuwa ushahidi tosha. Kesho yake Nyandika aliingia maili 3, akaongoza mwanzoni, akamaliza wa tatu. Waliomshinda, Fred Green na Chris Chataway, walivunja rekodi ya dunia siku hiyo. Huko Vancouver akawa wa nne.

Kisha ikaja Olimpiki. Mwaka 1956, Kenya iliposhiriki kwa mara ya kwanza, Nyandika alifika fainali ya mita 5,000 mjini Melbourne, akawa wa saba kwa dakika 14 na sekunde 19. Mwaka 1960 mjini Rome akawa wa sita kwa dakika 13 na sekunde 52.8. Hakupata medali ya Olimpiki hadi alipofariki mwaka 2019. Medali ya kwanza ya Kenya ililetwa na Wilson Kiprugut, Tokyo 1964. Dhahabu ya kwanza ilikuja Mexico City 1968, nayo ilikuwa ya Naftali Temu, Mkisii kama Nyandika.

Tunaomba msomaji aziangalie tena zile nyakati mbili, ya Melbourne na ya Rome. Mtu yule yule, damu ile ile, umbali ule ule, na tofauti ni zaidi ya sekunde 26. Damu haibadiliki kwa miaka minne. Kinachobadilika ni mazoezi.

Najua wapo watakaotukumbusha nyanda za juu na hewa yake nyepesi. Hatukatai kwamba mahali pa kukulia pana mchango. Lakini vilima vya Kisii vilikuwepo mwaka 1934 kama vilivyokuwepo 1954. Vilivyoongezeka katikati ni viwanja, chama, mashindano, na nauli ya kwenda London. Tena sisi tunaoishi Saudia tuna mfano wetu. Hadi Souan Somayli alichukua fedha ya mita 400 kuruka viunzi, Sydney 2000, akiachwa kwa sekunde 0.03 tu. Ilikuwa medali ya kwanza ya Olimpiki kwa nchi hii. Hatujamsikia mtu yeyote Riyadh akisema kwamba Wasaudi huzaliwa wakiruka viunzi. Wanasema alijituma, na ni kweli.

Kwa hiyo tunachokiona ni hiki. Jana ilisemwa hawawezi kwa sababu ya asili yao. Leo inasemwa wanaweza kwa sababu ya asili yao. Maneno ya leo yana sukari, lakini yote mawili yanafuta jasho la mtu.

Mbona haya tunayaandika katika jarida la Kiswahili? Kwa sababu na sisi yanatupata, tena humu humu. Sisi ni watoto wa nyumba zinazosema Kiswahili, tuliokulia Jeddah na Riyadh. Kiswahili chetu ni cha jikoni, cha simu za bibi, na cha sikukuu. Tunajua kuomba chumvi, kutania na kupokea salamu ndefu. Hatujui kuandika insha. Tukipata alama nzuri, wenzetu husema, "Nyinyi mmezaliwa nacho." Tukiandika "kitabu yangu", tunaulizwa kama kweli sisi ni Waswahili. Wako hata waliowahi kuambiwa kwamba zoezi la ngeli si lao, waliruke. Ilikusudiwa heshima, lakini ndilo zoezi tulilolihitaji kuliko wote.

Walimu wetu, tunawaomba kwa adabu: msituruke. Tukosoeni kwa kalamu nyekundu kama mnavyowakosoa wengine. Wenzetu mlioanza Kiswahili na sifuri hapa chuoni, msidhani sisi tunateleza tu. Na sisi wenyewe tuache kujificha nyuma ya bibi zetu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, hata kama mvungu wenyewe ni wa kitanda cha kwao.

Yule mwenzetu sasa hukimbia Wadi Hanifa jioni tatu kwa wiki, baada ya sala ya Isha, jua likishatuonea huruma. Mwaka huu amejiandikisha mwenyewe. Anasema lengo lake ni kuwa katikati, si mbele wala nyuma. Anayetaka kumfuata anakaribishwa, awe na pasipoti ya nchi yoyote.