Usipunguze Upepo kwa Kuogopa Joto

Madereva wengi wa masafa marefu, na mafundi wanaowajazia matairi, wanaamini kwamba siku ya jua kali ni lazima kupunguza upepo kabla ya safari, la sivyo hewa itapata moto na tairi litapasuka. Wanashauri hivyo kwa nia njema, lakini ushauri wenyewe ni wa hatari.

Nusu ya imani hiyo ni kweli. Mwanzoni mwa karne ya 18 Mfaransa Guillaume Amontons alionyesha kwamba hewa iliyofungiwa mahali pasipotanuka husukuma zaidi kadiri inavyopashwa joto. Tairi lililojaa halitanuki sana, kwa hiyo kanuni hiyo inalihusu.

Swali ni kiasi gani. Wengi hudhani joto likitoka nyuzi 30 hadi 60 shinikizo nalo huongezeka mara mbili. Sivyo. Hesabu ya gesi haianzii kwenye sifuri ya barafu, inaanzia nyuzi 273 chini yake. Tuseme tairi linaanzia nyuzi 27 za Selsiasi, ambazo ni Kelvin 300. Nyuzi 60 ni 333. Ongezeko ni asilimia 11 tu. Tena kipimo cha gereji huonyesha kile kinachozidi hewa ya nje, ambayo ni kama psi 15. Tairi la psi 32 kwa hakika lina 47. Likifika nyuzi 60 litakuwa na 52, na kipimo kitasoma 37. Zimeongezeka tano, na watengenezaji wa magari wamekwisha kuzizingatia: kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva ni cha tairi baridi.

Kinachopasua matairi mengi ni upepo mdogo. Ubavu hukunjika kila gurudumu linapozunguka, mpira unachemka kwa ndani, matabaka yanaachana. Anayetoa upepo kwa kuogopa joto anaongeza joto lile lile analolikimbia. Na ukiishusha ile 37 hadi 32 tairi likiwa la moto, asubuhi utakuta 27.

Dereva mwenzangu, pima asubuhi kabla hujaondoka, jaza kama kibandiko kinavyosema kulingana na mzigo wako, na njiani usiguse vali kupunguza.