Barua ya Chuo na Shamba la Mzazi
Tunawausia wazazi wa Heru Juu wanaoazimia kuuza shamba ili kijana akasome Kanada. Ombi la kibali cha masomo husimama juu ya barua ya kukubaliwa, nayo hutolewa na chuo chenyewe kilichoidhinishwa kupokea wanafunzi wa kigeni, si na wakala. Mwaka 2023 wanafunzi wengi kutoka India walikabiliwa na kufukuzwa huko, baadhi wakiwa wamekwisha kuhitimu, kwa kuwa walipatiwa barua bandia. Tangu 1 Desemba 2023 chuo hutakiwa kuithibitisha kila barua kwa idara ya uhamiaji. Isipothibitishwa, ombi hurudishwa. Basi mzazi akiandikie chuo kwanza (wakala akikataza, tuna shaka naye), apate jibu, ndipo akutane na mnunuzi.