Ghala la programu liwe Mbinga, nakala ziteremke ziwani

Na Kanisius Ndunguru

Mwalimu wa kompyuta wa Liuli au Lituhi akitaka programu moja kwenye mashine 10 za shule, hutoa fedha mfukoni, hununua bando na kuipakua mara 10. Akichoka anaazima flashi kwa rafiki, nayo inakuja na virusi vyake. Mateso haya hayana sababu, maana dawa ipo na haiuzwi.

Dawa hiyo ni apt, programu ndogo ya kuandikiwa amri iliyomo ndani ya mifumo endeshi ya Debian na Ubuntu. Debian iliitoa katika toleo la 2.1, mwaka 1999, wakati intaneti ilipopita kwenye waya wa simu ya mezani. Unaandika apt-get install na jina la programu. Yenyewe hutafuta kila kitu ambacho programu hiyo inategemea, na ikibidi kuongeza kingine, husimama kwanza: hukutajia MB zitakazopakuliwa na nafasi itakayoliwa kwenye diski, kisha hungoja ukubali au ukatae. Mtandao ukikatika, ukirudia amri huendelea palipoishia. Kwa anayenunua intaneti kwa MB, huo ni uungwana mkubwa.

Tena, apt-get huziacha paketi kwenye folda ya /var/cache/apt/archives, hivyo mashine ya pili inaweza kuwekewa programu bila bando. Hata ghala zima la programu za Debian hunakiliwa kihalali. Ghala hilo lina saini ya kidijitali ya watunzaji wake. Apt huikagua, na paketi iliyochezewa njiani hukataliwa.

Nasikia hofu kwamba wanafunzi wataiogopa skrini nyeusi yenye maandishi matupu. Siikubali. Wazazi wao, wavuvi wa dagaa na wakulima wa kahawa, hutuma pesa kwa kubonyeza *150*00# na kujibu maswali yasiyo na picha hata moja.

Kinachotakiwa ni kompyuta moja yenye diski kubwa ya kutunzia nakala ya ghala la Debian, iwekwe Mbinga mjini, isasishwe usiku, na walimu wa mwambao wachukue nakala kila wanapopanda mjini. Lami ya kuteremkia Mbamba Bay tunayo. Wakurugenzi wa halmashauri za Mbinga na Nyasa, kaeni meza moja, na mashine hiyo iingie kwenye bajeti ijayo.