JE, MWANAKIJIJI AKIKATAA NYUMBA NI MJINGA?

Bwana Mhariri,

Naomba unipe nafasi katika jarida letu nipate kujibu neno ambalo nimelisikia mara nyingi katika mabaraza ya watumishi, nami naona halifai kupita bila jawabu. Husemwa kwamba mtu wa kijijini akiletewa mji mzuri wenye majumba, barabara na taa, naye akaukataa, basi huyo ni mjinga, na hana budi kuondoshwa kwa faida yake mwenyewe. Wenzetu hutoa mfano wa Kigamboni, kisha hututazama sisi watu wa Mbinga na mwambao wa Nyasa, wakacheka na kusema, "Siku yenu yaja." Kwa kuwa wasemao hayo ni makarani kama mimi, watu waliosoma, yafaa maneno yao yatiwe katika mizani.

Kwanza tuitazame Kigamboni yenyewe. Mwaka 2008 Serikali ilitangaza kwamba ng'ambo ya bandari ya Dar es Salaam utajengwa mji mpya. Eneo lililotajwa lilikuwa hekta 6,494, katika kata za Kigamboni, Tungi, Vijibweni, Mjimwema, Kibada na sehemu ya Somangila. Tangu hapo wenyeji walizuiwa kujenga na kuendeleza mahali pao, wakaambiwa wangoje. Wakangoja. Muda wa zuio ulipokwisha, ukaongezwa. Baadaye mpango ukatanuliwa hata ukapita hekta 50,000, kisha ukarudishwa ulipoanzia. Aliyetaka kumwongezea mwanawe chumba alisita, maana hakujua kama kesho nyumba itakuwa yake. Aliyetaka kuuza shamba ili amsomeshe mtoto hakupata mnunuzi. Mbunge wao, Dkt. Faustine Ndugulile, aliyefariki mwaka 2024, aliyapeleka malalamiko yao Bungeni. Hata mwisho, wakala uliowekwa ili kuuendeleza mji ule ulivunjwa, wala mji haukusimama kama ulivyochorwa.

Basi nauliza: watu wale walikataa nini? Hawakukataa nyumba, wala hawakukataa barabara. Waliuliza fidia ni kiasi gani, italipwa lini, na katika mji huo mpya wao watakaa wapi. Mtu anunuaye mbuzi sokoni huuliza zaidi ya hayo, wala hapana amwitaye mjinga. Yaliyotokea baadaye yalionyesha kwamba maswali yao yalikuwa na haki, na waliowacheka ndio waliokuwa hawaoni mbele.

Hoja ya pili ya wenzetu ni hii: "Ardhi ni mali ya Serikali; mwanakijiji ni mpangaji tu." Neno hili ni la zamani. Sheria ya ardhi ya mwaka 1923 ilitangaza ardhi ya Tanganyika kuwa ya umma chini ya mamlaka ya Gavana. Mwaka 1928 ikaongezwa kwamba haki ya wenyeji wanaokaa katika ardhi kwa desturi zao nayo ni haki. Walakini mwaka 1951 Wameru wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu Ngarenanyuki ili walowezi wapate malisho, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasafiri mpaka Umoja wa Mataifa, New York, akasimama mbele ya mataifa kuwasemea. Nani leo awaitaye Wameru wajinga? Twawasifu katika vitabu vya historia, ilhali twamdhihaki jirani yetu afanyaye vivyo hivyo.

Tena sheria za leo si zile. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yasema kwamba haki ya kimila haipungui nguvu mbele ya haki iliyotolewa kwa hati. Ardhi ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake. Na mdhamini si mwenye mali. Mjomba aliyeachiwa shamba la yatima hawezi kuwaambia yatima kwamba wao ni wapangaji wake.

Hoja ya tatu ni kwamba fidia hulipwa, na mtu akilipwa hana la kusema. Ni kweli sheria yataka fidia iwe kamili, ya haki na kwa wakati. Lakini nawaomba wenzangu washuke nami mpaka ufukweni, Liuli au Lituhi, waone kinachohesabiwa. Nyumba ya mvuvi itaandikwa, na miembe yake itaandikwa, na shamba lake la mihogo. Lakini ule mchanga anapoanika usipa utaandikwa kwa jina la nani? Na ile hori ambamo mitumbwi ya kijiji kizima hujificha upepo ukichafuka? Vile ni vya wote, na vya wote ndivyo visivyopata safu katika fomu zetu. Mpe mvuvi nyumba ya matofali maili tatu kutoka majini, utakuwa umempa paa na kumnyang'anya chungu. Kadhalika kule juu milimani, Mmatengo na ngoro zake. Mashimo yale yaliyopangwa safu kwa safu mteremkoni, yanayoshika maji ya mvua na kuuzuia udongo usiporomoke, ni kazi ya vizazi. Mthamini huhesabu mibuni na mahindi, lakini elimu ya mlima haihesabu.

Mimi sisemi kwamba mji kama ule wa Kigamboni umekwisha kuletwa kwetu. Nasema kwamba njia yake imekwisha kufunguliwa. Tangu mwaka 2012 Nyasa ni wilaya yenyewe, na makao yake ni Mbamba Bay. Barabara ya lami imeteremka kutoka Mbinga mpaka ziwani, bandari imeingia katika mipango mikubwa, na reli ya kutoka Mtwara imesemwa miaka mingi. Hayo yote ni mema, nami nayafurahia. Lakini palipo na barabara na bandari, ramani za majumba hazichelewi kufuata.

Sasa naja kwetu sisi wenyewe, na hapa ndipo penye uchungu. Sheria ile ya 1999 yasema kwamba ardhi ya kijiji ikitakiwa ihamishwe, nayo ni pungufu ya hekta 250, Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio ukubalio au ukataao. Ikifika hekta 250 au zaidi, Waziri ndiye aamuaye, baada ya kuyatazama maoni ya kijiji. Mji mkubwa hautoshi katika hekta 250. Basi katika jambo kubwa kabisa, mwanakijiji hana kura. Ana maoni tu. Na maoni hayo humfikiaje Waziri? Kwa karatasi. Na karatasi huandikwa na nani? Na sisi.

Nakiri kosa langu. Nilipokuwa mgeni katika kazi nilipelekwa kuandika muhtasari wa mkutano wa kijiji kimoja kilichoombwa kutoa ufuko wake. Mzee mmoja alisimama akasema, "Mwanangu, majumba haya mnayoyasema, atakayelala ndani ni nani?" Hakujibiwa. Watu wakanyamaza, mkutano ukafungwa. Mkubwa wangu akanipa maneno, nami nikayaandika: "Wananchi wameridhia." Swali la mzee sikuliandika. Mpango ule haukuendelea, lakini karatasi ile ipo, na mwandiko ni wangu. Tangu siku ile siwezi kusikia mwanakijiji akiitwa mjinga nikakaa kimya, kwa maana najua jinsi ujinga wake unavyotengenezwa mezani.

Kuna na baya kuliko hilo. Mtumishi huiona ramani kabla ya mwenye shamba. Wako wetu ambao, wakisha kuiona, huenda Jumamosi kununua ekari kwa bei ya njaa, kisha hungoja fidia au bei ya mji. Huyo anapomcheka mwanakijiji kwa kukataa maendeleo, anacheka hali mkono wake umo mfukoni mwa mwenziwe.

Kwa hiyo naomba chama chetu kikate shauri juu ya mambo matatu. Kwanza, mwanachama asiandike "wameridhia" ila pale watu walipokubali wenyewe kwa kauli zao, na swali lisilojibiwa liandikwe kuwa halikujibiwa. Pili, kila tangazo la ardhi lisomwe mkutanoni kwa maneno yaeleweke, pamoja na mipaka yake, na fidia ipatanwe kabla ya ardhi kuhama, kama sheria isemavyo. Tatu, mtumishi aliyeiona ramani asinunue ardhi iliyomo, na akinunua tumwondoe katika chama chetu.

Wenzangu watasema kwamba nawatia watu ukaidi. La. Mji uliojengwa kwa ridhaa ya kweli hauna haja ya karatasi za uongo. Na wengi wetu tutakapostaafu tutarudi katika vijiji hivi hivi, tuketi barazani, na karani kijana atakuja na kitabu chake. Nasi tutatamani aandike tulichosema.

Ni mimi,
Karani wa Mwambao
Mbinga